Bi Muhuri Hana Mchezo

Ofisini kwao walikuwa wakisema Bi Muhuri hana mchezo, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyeona haja ya kuyafikiria maneno hayo mara ya pili.

Alikuwa karani wa vibali vya mazishi katika baraza la mji. Dirisha lake lilikuwa la mwisho kwenye korido, baada ya leseni za biashara na kabla ya choo, na watu waliofika pale na macho mekundu mara nyingi walikuwa wameshapanga foleni mbili zisizo zao. Hakuwapa pole. Si kwamba hakuwa na huruma. Aliona mtu aliyefiwa ameshapewa pole za kutosha tangu alfajiri, na anachohitaji kwake ni karatasi isiyo na kosa. Aliandika jina herufi kwa herufi, akauliza tarehe mara mbili, akagonga muhuri mara moja tu, ukakaa sawasawa juu ya sahihi, kisha akasema, "Mwingine." Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, na huko ndiko lilikoishia.

Siku moja ikaja barua. Baraza lilikuwa limeamua kuigeuza bohari ya zamani ya mabomba iwe kiwanja cha watoto kuchezea, na kila idara ilitakiwa kutoa mtu mmoja aende mafunzo ya siku kumi ya wasaidizi wa michezo. Idara yao ilikuwa na watu wanne. Mmoja alikuwa likizo. Wa pili alikuwa na mimba ya miezi minane. Wa tatu ndiye mkuu wa idara mwenyewe.

"Utakwenda wewe," mkuu alisema.

"Kufanya nini?"

"Kujifunza kucheza na watoto."

Bi Muhuri alivua miwani. "Bwana mkuu, mimi nina miaka hamsini na mbili."

"Barua haikutaja umri."

Aliiomba barua, akaisoma yote, mpaka kule chini palipoandikwa nakala ziende kwa nani. Kweli haikutaja umri. Akavaa miwani, akaenda kufunga dirisha.

Nyumbani alimweleza mumewe, ambaye ni fundi saa na huwa hainui uso akiwa na saa ya mtu mkononi.

"Wanatoa cheti?" mumewe aliuliza.

"Wanatoa."

"Basi nenda."

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa shule ya chekechea, kwenye viti vya watoto, kwa sababu vya watu wazima havikuletwa. Walikuwa kumi na wanne, magoti yamewafika kifuani. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi, muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu waache kukohoa ili wamsikie. Akawaambia kwamba wiki ile hakuna atakayecheza na mtoto yeyote.

"Mtakaa uani, mtatazama, mtaandika mnachokiona. Msiseme. Msielekeze. Msisifu."

Mwanamume mmoja mwenye kifua kipana akanyoosha mkono. Alikuwa mwalimu wa mazoezi katika shule ya msingi, na filimbi ilikuwa ikining'inia shingoni mwake. "Hata filimbi?"

"Hasa filimbi."

Wengi waliona hiyo ni kazi ya bure. Bi Muhuri aliona ni kazi ya kwanza ya maana tangu afike. Alikuwa amekaa nyuma ya dirisha maisha yake yote akiandika yaliyowapata watu bila kutia neno lake. Akachukua daftari, akachora mistari ya safu, akaanza.

Kesho yake mkufunzi alikusanya madaftari. Daftari la mwalimu wa mazoezi lilikuwa na sentensi moja: "Watoto wanacheza bila utaratibu." Chini yake kulikuwa na sahihi. Kisha akafungua la Bi Muhuri, akasoma kwa sauti.

"Saa nne na dakika kumi. Msichana wa gauni la kijani anatia maji kwenye kopo lililotoboka. Maji yanatoka. Anatia tena. Maji yanatoka. Amefanya hivyo mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane akaziba tundu kwa kidole. Maji yakabaki. Akacheka. Akatoa kidole."

Watu walicheka kidogo. Mkufunzi hakucheka. "Kwa nini hukumwambia kopo limetoboka?"

"Umetukataza kusema."

"Na kama ningekuruhusu?"

"Ningemwambia mara ya kwanza."

"Angekosa nini?"

Bi Muhuri alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ili mradi amejibu. "Angekosa mara kumi na saba," akasema.

Mkufunzi akamrudishia daftari lake kwa mikono miwili. Halafu akawasimulia habari ya mtoto mmoja wa wodini, aliyevunjika mguu na hakukubali mtu yeyote auguse. Alipiga kelele mpaka wodi ya pili. Mkufunzi, enzi hizo muuguzi, akamwachia bendeji na kiti kibovu, akaenda zake. Mtoto akafunga mguu wa kiti. Akaufungua. Akaufunga tena, akakikemea kiti kiache kulia. Siku ya tatu daktari alipokuja, mtoto alimwambia aanze na kiti. Daktari akaanza na kiti. Kilipotulia, mtoto akatoa mguu wake.

"Watoto wengi hawana maneno ya kuelezea yanayowakuta," mkufunzi alisema. "Lakini wana mikono, wana makopo, wana viti vibovu. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha wanapata nafasi, muda na vitu, na mtu mzima asiyewaingilia. Huyo mtu mzima ndiye adimu. Ndiyo maana mko hapa siku kumi."

Siku ya nne akawapa kazi ya kufanyia nyumbani: kila mtu akumbuke mchezo alioupenda utotoni, kesho auelezee. Wenzake walianza kukumbuka palepale wakiwa bado wamekaa, wakakatizana maneno, wakaonyeshana makovu. Bi Muhuri hakukumbuka kitu. Alipofika nyumbani alikaa akijaribu. Alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake wadogo watano. Mama yao alikuwa akitoka asubuhi kwenda kiwandani na kurudi jua limezama. Alichokikumbuka ni sufuria.

Akampigia simu mdogo wake anayemfuata.

"Dada," mdogo wake alipokea mbiombio, "nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Hukuwahi kunipigia siku ya kazi bila mtu kufa."

"Nina kazi ya darasani. Nataka kujua sisi tulikuwa tukicheza nini."

"Sisi tulicheza mambo mengi. Duka, hospitali, basi. Lakini wewe hukucheza, dada. Wewe ulikuwa unapika."

"Mbona sikuwaona mkicheza?"

"Tulicheza ukienda bombani. Tulimweka mmoja dirishani, akikuona na ndoo anatuambia, tunaacha."

"Mlikuwa mkiniogopa?"

"Hee! Kukuogopa wapi. Mchezo wenyewe ulikuwa wewe. Mmoja anajifunga kile kitambaa chako cha kichwani, anashika mwiko, anatugombeza. 'Nani hajanawa? Nani amegusa nyama?' Tulikuwa tunagombania kuwa wewe. Kuna siku tulipigana kabisa, nikatoka damu puani. Ukanifuta, ukauliza imekuwaje, hakuna aliyesema."

Bi Muhuri aliikumbuka ile damu. Miaka yote alijua mdogo wake alijigonga mlangoni.

"Nilikuwa nagombeza hivyo?" aliuliza.

"Vibaya sana. Ndiyo maana kila mtu alitaka."

Alimshukuru, akakata simu, akakaa na simu mapajani kwa muda mrefu kuliko mazungumzo yenyewe. Mumewe akamuuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, ila kuna jambo lilifanyika nyumbani kwao yeye akiwa hayupo.

Kesho yake, zamu yake ilipofika, alisimama na kusema, "Mimi sikuwa na mchezo. Nilikuwa mchezo wa watu wengine." Akaketi. Mwalimu wa mazoezi akatazama chini, akaanza kuifuta filimbi yake kwa shati.

Alipata cheti. Kilikuwa na kosa la herufi kwenye jina, akakirudisha, kikachapishwa upya.

Kiwanja kilifunguliwa mwezi uliofuata. Hakikuwa na bembea wala vile vitu vya rangi vinavyowekwa kwenye picha. Kulikuwa na matairi, mbao zilizopigwa msasa, kamba, maboksi makubwa, vitambaa, rundo la mchanga na bomba la maji. Bi Muhuri alipangiwa pale kila siku mchana, pamoja na mwalimu wa mazoezi, ambaye shule yake ilikubali kumwachia haraka kuliko alivyotegemea. Wazazi walilalamika kuhusu matope. Bi Muhuri aliyaandika malalamiko yao yote, kwa tarehe, na hakuyafanyia lolote.

Katika watoto wa mwanzo kulikuwa na msichana wa miaka sita, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo, wenzake wakamwita Kidoti. Aliletwa na baba yake, fundi bomba wa baraza, mwanamume aliyekuwa akitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Bi Muhuri alimjua mara moja. Miezi miwili nyuma alifika dirishani kwake kuchukua kibali cha mke wake.

Siku sita Kidoti alikaa juu ya tairi. Hakucheza, hakulia, hakujibu. Siku ya tatu mwalimu wa mazoezi alishindwa kuvumilia.

"Nimwingize kwenye kamba. Mtoto anakauka yule."

"Mwache. Ana kazi."

"Kazi gani? Amekaa tu."

"Ndiyo hiyo."

Siku ya saba Kidoti akashuka kwenye tairi. Akachukua kijiti, akakiviringisha kitambaa cheupe, akakilaza ndani ya boksi dogo. Akachimba mchanga kwa mikono, akaliteremsha boksi, akafukia, akapigapiga juu. Akasimama kidogo. Kisha akafukua, akaanza upya.

Ilipofika mara ya nne watoto wengine walikuwa wameshafika. Wakagombana nani abebe, nani achimbe, nani alie. Mvulana mmoja mnene alionekana ana kipaji. Alilia vizuri mno, akabaki kwenye kazi hiyo mazishi yote yaliyofuata, na siku ya pili alikuwa akiwalilia na wengine waliochoka.

Mwalimu wa mazoezi alikuja mbio, mkono umeshafika shingoni. "Huu si mchezo! Huu ni mkosi! Jamani, acheni, twendeni kwenye kamba!"

Bi Muhuri akasimama mbele yake. Alimfika begani. "Mwalimu, kaa."

"Unaona wanachofanya?"

"Nimekifanya miaka ishirini na mitatu. Wanakifanya vizuri. Kaa."

Akakaa. Mikono yake akaikalia.

Ndipo Kidoti alipokuja. Alisimama mbele ya Bi Muhuri, mchanga mpaka kwenye viwiko, akasema maneno yake ya kwanza pale kiwanjani.

"Wewe ndiye unayeandika karatasi."

"Ndiyo mimi."

"Nilikuja na baba. Nilikuwa chini ya dirisha. Hukuniona."

Lile dirisha lilikuwa la kumfika mtu mzima kifuani. Bi Muhuri alijaribu kuikumbuka siku ile, akaona uso wa baba, akaona fomu, akaona mkono wake mwenyewe ukigonga muhuri. Chini ya ukingo wa dirisha hakuona kitu.

"Kweli," alisema. "Sikukuona."

"Baba alipewa karatasi. Mimi sikupewa."

Bi Muhuri akafungua daftari ukurasa mpya, akaukata kwa rula ili usiraruke vibaya. Akaweka kifuniko cha kalamu upande wa nyuma, kama kawaida yake.

"Jina la marehemu?"

"Kijiti."

"Umri?"

Kidoti alifikiri. "Mkubwa."

"Tarehe ya kufariki?"

"Ile siku ya mvua."

"Sababu ya kifo?"

Mtoto alitazama miguu yake.

"Hawakuniambia," Kidoti alisema.

Bi Muhuri akaandika: Hawakuniambia. Akauliza kama tarehe ni hiyohiyo ya siku ya mvua, akajibiwa ndiyo. Akainakili fomu yote tena kwenye ukurasa wa pili, kwa ajili ya kumbukumbu, maana kibali hakitoki bila nakala. Muhuri halisi ulikuwa ofisini, kwa hiyo akachovya kidole gumba kwenye matope, akakigandamiza juu ya sahihi mara moja, katikati. Kisha neno alilozoea kusema hapo likamfika mdomoni, akalimeza.

"Pole," akasema.

Kidoti akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Kusoma alikuwa hajui bado. "Ina kosa?"

"Haina."

Akaikunja, akaitia ndani ya boksi, akaenda kuzika.

Siku mbili baadaye baba yake alisimama getini, na safari hii hakuwa amekuja kama aliyesahau kitu. Jirani alikuwa amemwambia kwamba baraza linawafundisha watoto kuzikana.

"Mmekosa michezo ya kumfundisha mwanangu?" alisema, sauti juu. "Nimezika mke wangu juzi, nanyi mnamchezesha maiti?"

"Hatukumfundisha," Bi Muhuri alisema. "Ameanza mwenyewe, siku ya saba. Nimeandika."

"Sitaki maandishi yako! Nilishapata maandishi yako!"

Bi Muhuri hakubishana. Alifungua daftari penye ile nakala, akamnyooshea, akasubiri kama alivyokuwa akisubiri watu watafute vitambulisho mifukoni. Mwishowe mwanamume yule akalichukua, labda ili akome kulitazama likiwa limenyooshwa. Akasoma. Alipofika kwenye sababu ya kifo alirudi juu, akasoma tena tangu jina. Akakaa kwenye tairi.

"Nilidhani ni mdogo mno," alisema.

"Hata mimi, siku ile dirishani, nilidhani hayupo."

Kule mchangani yule mvulana mnene alikuwa ameanza kulia. Baadaye fundi bomba alinyanyuka, akaenda akasimama pembeni, hajui aweke wapi mikono. Kidoti alimwona. Hakumkimbilia. Alimtazama kama msimamizi anavyomtazama kibarua aliyechelewa, akamwonyesha mahali.

"Chimba hapa."

Akapiga magoti, akachimba. Kazi yake ya kila siku ni kuchimba mitaro.

"Siyo hivyo," Kidoti alimwambia. "Hujui."

Akamfundisha.

Waliondoka pamoja. Bi Muhuri aliwaona wakisimama nje ya geti, baba amechuchumaa ili macho yao yalingane, anasema kitu, mtoto anauliza kitu, baba anasema tena. Hakusikia, na kwenye daftari aliandika hivyo: "Wamezungumza. Sikusikia." Mazishi yaliendelea siku nne zaidi. Siku ya tano Kidoti alikifukua kijiti, akakivua kitambaa, akakifanya usukani wa basi, akaanza kuita abiria. Mnene alikosa kazi, akawa abiria asiye na tiketi.

Habari zilifika kwa mkuu wa idara, kama habari zinavyofika, zikiwa zimeongezwa majeneza. Akamwita Bi Muhuri.

"Mazishi, nilidhani tumekuondoa huko."

Bi Muhuri akaweka mezani ripoti ya kurasa arobaini na moja. Mkuu alisoma mbili kwa heshima, akafunua katikati, akakutana na ile nakala ya kibali. Mkuu huyu alikuwa na watoto watatu, na mwaka ule alikuwa amemzika mama yake, bibi yao, na siku ya mazishi watoto walipelekwa kwa rafiki ili wasisumbuke.

"Mafunzo mengine yapo lini?" aliuliza.

"Hayajapangwa."

"Yapange. Ufundishe na wewe."

Hivyo ndivyo alivyoacha vibali. Dirisha likapewa kijana mmoja wa kike, na kabla ya kuondoka Bi Muhuri aliandika ombi la kibao cha mbao cha watoto kupandia chini ya dirisha. Ombi lilichukua miezi minane. Kibao kilikuja.

Sasa ni mwaka wa nne anafundisha pamoja na yule mkufunzi. Huja walimu wa chekechea, wauguzi, walinzi wa shule, hata dereva mmoja wa basi la wanafunzi. Mwalimu wa mazoezi alirudia mafunzo yote kwa hiari yake. Filimbi anayo bado, ila ameihamishia mfukoni, na akizidiwa anaonekana akiishika kwa juu ya suruali. Swali ambalo wanafunzi huuliza kila mwaka ni lini mtu mzima naye acheze.

"Ukialikwa," Bi Muhuri huwajibu. "Na ukialikwa, fanya kazi uliyopewa. Usijipandishe cheo."

Hivi karibuni alialikwa. Watoto walikuwa na shamba, wakahitaji ng'ombe, wakamfunga kamba kiunoni kwenye nguzo, fundo la kweli. Kisha wakaitwa kula, wakaondoka wote. Ilikuwa saa sita na robo. Saa sita na nusu mkuu wa idara akaingia na wageni wanne kutoka miji mingine, waliovaa vizuri, waliokuja kuona mradi.

"Bi Muhuri," mkuu alisema polepole, "unafanya nini?"

"Ng'ombe."

Mkuu aliwatazama wageni. "Nani amekufunga?"

"Wenyewe. Wamekwenda kula."

"Nikufungue?"

"Hapana. Watarudi."

Wageni walisimama. Mmoja alitoa daftari, hakujua aandike nini, akalirudisha. Jua lilikuwa kali, na Bi Muhuri alibadilisha mguu wa kusimamia bila kulegeza kamba. Baada ya robo saa watoto wakarudi wakikimbia, midomo imejaa, wakawapita wageni kama watu wapitavyo nguzo. Mdogo kuliko wote alikuwa ameshika majani machache kiganjani. Akamwekea puani.

Bi Muhuri akayatazama yale majani, akaona hayatoshi, akagoma kutoa maziwa.